Hotipoti Iliyorudi Nzito

Kiondo kilirudi kizito.

Nzisa alikitungua kutoka kwenye kishikio cha mlango wa lori, upande wa kushoto, kama alivyokitungua kila safari, na bega lake likavutwa chini. Ndani mlikuwa na shati chafu mbili na hotipoti ya bluu. Shati hazina uzito wa kuvuta bega la mtu. Hotipoti ilikuwa imerudi na muthokoi wake wote, mahindi yaleyale aliyoyakoboa kwa mikono yake, mbaazi zilezile, kitunguu kilekile.

"Hukula tena?" alipaza sauti, akikimbia kando ya magurudumu.

"Nilishiba," Mwangangi akajibu kutoka upande wa pili wa kebini, macho mbele.

Lori likapanda tuta la mwisho, likashuka, likakohoa moshi, likashika njia ya Nairobi. Nzisa akabaki kando ya barabara na kiondo chake, anahema.

Ndoa yao ilikuwa imehamia hapo, kwenye matuta. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani Mwangangi, dereva wa treila la makontena kati ya Mombasa na Malaba, alikuwa akifika Sultan Hamud anaegesha, anamwachia utingo ulinzi wa mzigo, anapanda kile kinjia cha mawe mpaka nyumbani. Analala kitandani mwake. Asubuhi anakunywa chai, anamtania mama yake, anaondoka. Kisha kampuni ikaleta akili mpya. Utingo wakaachishwa kazi wote, kila dereva akawa peke yake na barabara. Chini ya dashibodi kukafungwa traka, kidude kinachomwambia mtu aliyeketi Mombasa kwamba lori liko wapi na linakwenda kasi gani. Juu ya kioo kukawekwa kamera. Lori likisimama pasipo ruhusa, simu inalia papo hapo: gari namba fulani, umesimama, sababu? Ukirudia, unapewa onyo. Ukirudia tena, unarudisha funguo. Ruhusa ya kusimama ilikuwa Mlolongo, Mtito Andei na Mariakani. Katika vituo hivyo, hakuna hata kimoja kilichokuwa na mkewe.

Lakini traka ile ilikuwa na upofu wake. Ilipiga kelele magurudumu yakisimama. Yakitambaa, ilinyamaza. Na pale mbele ya kibanda cha chai cha Mishi, gari kubwa lisipotambaa linavunja springi. Basi wakagundua mtindo wao. Mwangangi akifika kituo cha mafuta anapiga honi, moja ndefu na mbili fupi. Nzisa anaacha cherehani na nguo ya mteja ikiwa bado chini ya sindano, ananyakua kiondo chenye chakula cha moto na shati zilizopigwa pasi, anateremka mbio. Anatungua kiondo cha zamani, anatundika kipya, na kutoka tuta la kwanza hadi la mwisho wana muda wao wa mume na mke. Mtoto ana homa. Shule inamwita mzazi. Magoti ya mama yako yamevimba. Bati la jikoni linavuja. Kuna siku waligombana tangu tuta la kwanza, matuta yakaisha kabla ya ugomvi kuisha, ikabidi waumalizie lori liliporudi kutoka Mombasa, wakati huo wote wawili wamesahau ulianzia wapi. Walicheka mpaka Mishi akatoka kibandani kuuliza kuna nini.

Mishi alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Sultan Hamud ingawa babu yake alitoka pwani kufanya kazi ya reli, na hakuna aliyemfikia kwa mahamri wala kwa maneno. Ndiye aliyempa Mwangangi jina la Bwana wa Matuta.

Siku hiyo alimtazama Nzisa akifungua hotipoti, akavuta kigoda karibu.

"Shoga, nikwambie?"

"Usiniambie."

"Huyu anapikiwa."

"Na nani?"

"Mimi nitajuaje? Njia yote ile, toka hapa mpaka baharini, utakosa jiko na mwanamke wa kuliwasha?"

"Mishi, nyamaza."

"Ninyamaze vipi, na wewe ndiye umekuja kufungulia hotipoti puani kwangu?"

Nzisa hakunyamaza moyoni. Mara ya kwanza chakula kiliporudi alisema ni tumbo. Mara ya pili akasema ni malaria. Sasa ilikuwa safari ya sita au ya saba, na wazo lililokuwa likibisha mlangoni lilikuwa limeingia, likaketi, likaagiza chai. Mwanamke. Alianza kumwona. Mnene kidogo, wa Mariakani, mwenye wali wa nazi na kanga safi.

Na kila alichokikumbuka kilimpa ushahidi. Mwezi uliopita Mwangangi alipewa siku mbili za mapumziko. Alikuja nyumbani, na hakulala kitandani. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, uso umeelekea barabara, akisema ndani kuna joto. Binti yao Kalekye alipoangusha kifuniko cha sufuria jikoni, mguu wa kulia wa Mwangangi ulikanyaga sakafu kwa nguvu hivi kwamba stuli iliyokuwa mbele yake iliruka ikapinduka. Alicheka. Kalekye naye akacheka, akadhani ni mchezo, akachukua kifuniko akakiangusha tena. Mwangangi akamfokea kwa sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia. Tangu siku hiyo Kalekye akisikia honi, badala ya kukimbia mlangoni kupunga mkono, huenda kujificha nyuma ya nyanya yake. Jumapili walienda kanisani wote, na katikati ya ushuhuda Mwangangi akatoka nje. Nzisa alimkuta nyuma ya jengo, ameushika ukuta kwa mikono miwili, kana kwamba ukuta ndio uliotaka kuanguka.

"Joto," alisema.

Mtu ambaye moyo wake uko kwingine, Nzisa aliwaza, kila mahali anaona joto.

Mama mkwe, Wayua, alikuwa na jibu lake. "Mwanangu amefungwa," alisema akichambua pojo uani. "Kuna mtu amemfunga. Tumwite mchungaji na wazee wa kanisa, wamwekee mikono."

"Mwaitu, mama yangu, watamwekea mikono saa ngapi? Wakimbie nami pale matutani?"

"Usinichezee, Nzisa. Mungu haoni lori likienda?"

"Anaona, Mwaitu. Ni mchungaji ndiye hana mbio."

Wayua alicheka bila kutaka, kisha akakaza uso tena na kurudi kwenye pojo zake.

Safari iliyofuata ya kuteremka Mombasa, Nzisa alipika, akafunika, halafu akachukua uzi mwekundu kutoka kwenye cherehani. Akauzungusha kifuniko na vishikio, akaufunga kwa fundo la fundi, lile ambalo mtu asiyelijua hawezi kulirudisha. Alitaka kujua. Huenda anafungua, anaonja kijiko kimoja, anacheka na yule mwanamke wake wa wali wa nazi, anafunika. Kama ndivyo, uzi utasema.

Honi ililia, akateremka, akatundika kiondo.

"Leo nimeweka ndengu," alisema akikimbia. "Unazozipenda."

"Asante."

"Utakula?"

"Nitakula, mama Kalekye."

"Niangalie basi ukisema!"

Mwangangi aligeuza shingo. Nzisa alimwona kwa muda ule wa kupanda na kushuka tuta moja. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Taya lilikuwa likitafuna miraa taratibu, kama mbuzi asiye na habari. Macho yalimwangalia na hayakufika kwake. Kisha matuta yakaisha.

Lori liliporudi, uzi mwekundu ulikuwa pale pale. Fundo lake mwenyewe, halijaguswa. Nzisa aliiweka hotipoti juu ya benchi la Mishi, akakaa, akalia kwa hasira.

"Hata hakufungua! Hata kuona nimempikia nini! Anachukua chakula changu, anakitembeza Mombasa, anakirudisha kama barua iliyokosa mwenyewe!"

Mishi aliinama juu ya hotipoti. Aliushika ule uzi, akauvuta kidogo kwa ukucha.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza, shoga. Futa pua. Mimi marehemu mume wangu alikuwa na mke mwingine Taveta, nikajua siku ya matanga. Unajua chakula changu alikifanyaje?"

"Alikiacha."

"Aache? Hakubakisha punje! Alikuwa akirudi anasifu, anakomba sufuria, ananiombea dua. Mwanamume mwenye siri haachi dalili kubwa namna hii. Angemwaga chakula nje ya dirisha, akurudishie chombo kitupu kinang'aa, na busu juu yake. Huyu wako hafichi kitu, Nzisa. Huyu hawezi kukifungua."

"Hawezi vipi? Kifuniko?"

"Sijui. Lakini mimi ningekuwa wewe, ningeacha kumtafuta mwanamke."

Nzisa alipanda kinjia cha mawe polepole. Njiani aliyapanga upya yale aliyoyajua, na safari hii yalikaa mahali pengine. Mguu uliokanyaga sakafu ulikuwa ukitafuta breki. Kile kiti cha mlangoni. Ukuta. Akajiuliza yote hayo yalianza lini, na jibu lilikuwepo siku zote, ila lilipita haraka kama kila kitu kinavyopita matutani.

Kilonzo.

Kilonzo alikuwa dereva wa kampuni ileile, mtu wa Mwingi, mcheshi, mwenye tumbo la kutangulia. Aliufahamu upishi wa Nzisa kuliko ndugu zake Nzisa, kwa sababu yeye na Mwangangi walikuwa wakikutana Mtito Andei na kula hotipoti moja kwa vijiko viwili. Miezi michache iliyopita, lori likirudi kutoka Mombasa, Mwangangi alisema kati ya tuta la kwanza na la pili, "Kilonzo ameenda."

"Ameenda wapi?"

"Amekufa. Ajali. Chini ya Mtito."

Nzisa alipiga mayowe, na matuta yakaisha. Kilonzo akazikwa kwao Mwingi, Mwangangi akiwa njiani kwenda Malaba, kwa sababu kampuni ilisema mzigo haujui msiba. Safari iliyofuata Nzisa aliuliza, Mwangangi akasema, "Yamepita hayo, niambie mtoto anaendeleaje." Akamwambia mtoto anaendeleaje. Ndivyo walivyolimaliza jambo la kifo cha mtu, kwa mbio za mita mia, na yeye akaamini limekwisha.

Jioni alimwambia mama mkwe, "Mwaitu, safari ijayo nitapanda lile lori."

Mikono ya Wayua ilisimama. "Unipeleke pole pole. Upande lori?"

"Nipande. Nimsimamishe, tuongee kama watu."

"Kuna kamera. Kuna kile kidude. Ukimsimamisha, kazi imekwenda. Unajua ni wangapi wanaisubiri hiyo kazi? Tutakula nini, Nzisa? Hizo sindano zako?"

"Kazi ikienda, tutakula sindano. Na akienda yeye?"

Mama mkwe aliangalia kiti cha mlangoni. Yeye ndiye aliyemzaa. Alikuwa ameona mashavu yale siku zile mbili za mapumziko, na ameyaombea, na hakumwambia mtu kwamba usiku alikuwa akiamka kuhakikisha mwanawe bado yuko kwenye kile kiti.

"Vaa viatu vya kushika," alisema mwishowe. "Si hizo ndala."

Siku ilipofika, honi haikulia.

Nzisa alikuwa tayari amekaa kibandani kwa Mishi tangu saa nne, amevaa raba za michezo za shemeji yake, kiondo mapajani. Aliliona lori likitokea upande wa kituo cha mafuta, kijani, kontena jekundu mgongoni, na likapita kituo bila sauti.

"Nzisa, lile si lake?" Mishi aliuliza.

Halikupunguza mwendo. Lilifika tuta la kwanza likaligonga, kontena likaruka na kutua kwa kishindo kilichowafanya watu wa duka la mbolea watoke nje. Ndipo breki zikalia. Lori likaanza kutambaa kwa kuchelewa, kama mtu aliyeamshwa kwa kofi. Nzisa alikuwa tayari anakimbia. Alishika chuma cha mlango, akaweka mguu kwenye ngazi, akafungua, akajitupa ndani, kwenye kiti ambacho zamani kilikuwa cha utingo.

"Nzisa! Umepata wazimu? Shuka! Kuna kamera!"

"Inione. Nimechana nywele."

"Shuka nakwambia, tuta la mwisho lile pale!"

"Sishuki. Kwa nini hukupiga honi?"

"Sikupiga?"

Aliuliza kweli. Hakujua. Nzisa aliiona mikono yake imeung'ang'ania usukani kama ya mtu anayening'inia. Hasira yote aliyoibeba wiki hizo ikamtoka, na kilichobaki kilikuwa hofu tupu. Mtu huyu angeweza kufa leo, pale mbele, mchana kweupe, na yeye angebaki na shati mbili.

"Baba Kalekye," alisema kwa sauti ya chini, "kwa nini hufungui chakula changu?"

Lori lilishuka tuta la mwisho. Mwangangi hakuongeza mwendo.

"Mna fungu lake mle."

"La nani?"

"La Kilonzo."

Nzisa alimgeukia. Alikuwa amejifunza kusema haraka, kwa ajili ya matuta. Sasa alijilazimisha kukaa kimya, na kimya kilikuwa kazi ngumu kuliko mbio.

"Tulikuwa Mtito," Mwangangi alisema. "Tumefungua, tunakula. Ulikuwa umetia mbaazi nyingi. Simu yake ikalia, wakamwambia muda wake wa kusimama umekwisha, atoke. Mdomo bado umejaa. Akaniambia, niwekee langu, nitalila Mariakani, na usiniibie mbaazi, nimezihesabu. Akaondoka. Mimi nikakaa kidogo nikafunika, nikamfuata. Nikamkuta mteremkoni. Gari limelala. Watu walikuwa hawajafika."

Alivuta pumzi kama mtu anayenyanyua gunia.

"Alikuwa hai, Nzisa. Mkono ulikuwa umetokeza kwenye kioo, nikaushika. Tukaongea. Akaniuliza, umeniwekea? Nikamwambia nimekuwekea, fungu kubwa. Akasema, na mbaazi? Nikasema na mbaazi. Halafu mkono ukawa mzito. Simu yangu kule juu kebini inalia, inalia, umesimama, sababu, umesimama, sababu. Polisi wakaja. Nikaambiwa niendelee. Nikafika Mariakani, nikafungua hotipoti, na chakula chake," akapiga usukani kwa kiganja, "chakula chake bado kilikuwa na moto! Hotipoti yako hushika moto sana, Nzisa. Kilikuwa kinatoa mvuke. Yeye amepoa, chakula chake kina moto."

Akalia. Alilia vibaya, kama mtu asiyejua jinsi kulia kunavyofanywa, mabega yakipanda na kushuka. Hapo ndipo Nzisa alipotambua kwamba nje hakuna kinachosogea. Lori lilikuwa limesimama, nusu kwenye lami na nusu kwenye kokoto, hatua chache baada ya tuta la mwisho. Hata Mwangangi mwenyewe hakujua amekanyaga breki.

Simu ikalia.

Ililia kwenye kishikio chake juu ya dashibodi, ikiwaka na kuzima. Nzisa aliinua mkono. Mwangangi akaushika mkono wake, akaushusha. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akabonyeza.

"Gari kumi na saba," ilisema sauti ya msichana aliyeketi Mombasa, kavu, ya mtu anayesoma. "Umesimama. Sababu?"

"Pancha," Mwangangi alisema.

Nzisa alimwangalia tu. Hakutikisa kichwa. Basi likapita na kulitikisa lori zima.

"Gari kumi na saba, unahitaji fundi?"

"Ngoja, Fahima. Ngoja. Si pancha. Tairi ziko sawa. Ni mimi. Siko sawa. Tangu Kilonzo. Sasa hivi nimepita kituo cha mafuta sikukiona. Silali, sili, naendesha tu. Nikiendelea leo, nitaua mtu."

Nyuma ya msichana zilisikika simu nyingine zikilia, huko Mombasa, katika chumba ambacho wote wawili hawakuwahi kukiona.

"Zima injini," Fahima alisema. Sauti haikuwa ikisoma tena. "Weka vile vibao vyekundu nyuma ya gari, mbali. Usiliguse tena. Kuna dereva wa akiba Emali, ninamtuma. Naandika dereva ni mgonjwa."

"Watakuuliza ugonjwa gani."

"Wataniuliza. Nitawaambia ni ugonjwa, kama ugonjwa mwingine. Kazi yako sikuahidi, bwana Mwangangi, hilo haliko mikononi mwangu. Lakini leo huendeshi." Kisha, baada ya kusita, "Huyo kwenye kiti ndiye mama wa hapo?"

Mwangangi akaangalia kamera, akamwangalia mkewe. "Ulijua?"

"Kila safari hapo unakwenda kama kobe. Gari nyingine zote hazitambai hivyo. Wakubwa waliniuliza, nikasema barabara ya hapo ni mbovu." Akakohoa. "Siku ile niliwapigia nyote wawili, wewe na Kilonzo. Mimi nilikuwa zamu." Simu ikakatika.

Walishuka wakaweka vibao, wakarudi kungoja, kwa kuwa mzigo hauachwi peke yake. Jua lilikuwa kali na kebini ilianza kuwa tanuri. Nzisa alikuwa na njaa. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri, kwa ajili ya mipango yake ya vita. Akaivuta hotipoti kiondoni, akaukata kwa meno ule uzi mwekundu aliokuwa ameufunga tena, akafungua. Mvuke ukapanda kati yao. Mwangangi akageuza uso dirishani.

Nzisa hakumbembeleza. Alichukua kifuniko akakigeuza, akapakua humo kijiko baada ya kijiko, akachagua mbaazi kwa makusudi, akakiweka juu ya dashibodi, kwenye jua.

"Hilo ni la Kilonzo," alisema. "Limewekwa. Hakuna anayeliiba. Hili lililobaki ni letu."

Akaanza kula. Alikula kama mtu mwenye njaa anavyokula, bila adabu nyingi, akipuliza. Muda ukapita. Mwangangi aliangalia kifuniko, akaangalia barabara, akakiangalia kifuniko tena. Kisha mkono wake ukaja, polepole, ukachukua kijiko cha pili.

Alitafuna muda mrefu.

"Chumvi," alisema.

"Nini?"

"Umesahau chumvi."

"Sikusahau. Nilikuwa nimekukasirikia."

Sauti iliyomtoka Mwangangi haikuwa kicheko hasa, lakini ilikuwa jirani yake. Alikula vijiko vinne, akasema havipiti zaidi, na Nzisa akasema vinne vinatosha kwa leo.

Dereva wa akiba alifika na bodaboda, mtu mrefu aitwaye Nyamai, jasho limemtota, shati la kampuni limefungwa vifungo visivyolingana. Alikuwa ametolewa kitandani. Alimsalimia Mwangangi kwa kumshika bega, hakuuliza kitu, na kutokuuliza huko kulionyesha kwamba anajua zaidi ya alivyotaka kusema. Alipopanda kebini, pua yake ikamvuta kwenye dashibodi.

"Hii ni ya nani?"

Mwangangi alikuwa amesimama kwenye kokoto, kiondo mkononi, akitazama juu.

"Ilikuwa ya mwenzetu," alisema. "Kula."

"Kweli? Maana mimi tangu jana usiku..."

"Kula, Nyamai. Hata mbaazi. Halafu unishushie kifuniko."

Nyamai alikula kwa vidole, harakaharaka, jicho moja kwenye simu iliyokuwa imeanza tena kulia. Akakomba, akakishusha kifuniko. "Mama, umenusuru mtu," alimwambia Nzisa, "ila chumvi!" Akawasha injini, akaondoka.

Wakabaki wawili kando ya barabara. Ili kurudi nyumbani ilibidi wafuate ukingo wa lami kwa miguu, kutoka tuta la mwisho mpaka la kwanza. Mwangangi alitembea kama mtu aliyeshuka melini. Kwenye tuta la kati alisimama, akaangalia alikotoka na anakokwenda, akayaangalia mashimo, kokoto, mtaro wa maji, chupa zilizovunjika.

"Kumbe ni mbali hivi?" alisema. "Kule juu panaonekana padogo. Na wewe huwa unakimbia hapa?"

"Na kiondo. Na ndala."

"Nzisa."

"Tembea, jua kali."

Mishi alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake, mikono kiunoni, ameyaacha mahamri yaungue. "Bwana wa Matuta!" aliita. "Leo umeamua kuja kuyakagua kwa miguu?" Halafu alipouona uso wake kwa karibu akaacha mzaha, akamwekea chai mkononi bila kuulizwa. "Jumatatu nendeni mjini Wote, hospitalini," alimwambia Nzisa pembeni, ingawa sauti ya Mishi haina pembeni. "Kuna daktari wa mambo haya. Nilimpeleka dada yangu alipofiwa na mtoto. Hawamfungi mtu kamba. Wanamsikiliza, wanampa dawa za kulala. Na mchungaji aombe vilevile, nani kamkataza?"

Mwangangi aliisikia kila herufi. Hakukataa. Alikunywa chai mpaka nusu.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa amesimama langoni, leso mdomoni. Nyuma yake, sketi yake imeshikwa kwa mikono miwili, alichungulia Kalekye. Alimtazama baba yake juu mpaka chini, kisha akanyoosha shingo kuangalia barabara nyuma yake.

"Lori liko wapi?" aliuliza.

"Limeenda," Mwangangi alisema.

"Na wewe?"

Mwangangi alikaa chini pale pale langoni, juu ya jiwe, ili macho yao yalingane.

"Mimi nimeshuka," alisema.

Kalekye alilifikiria jibu hilo. Halafu aliiachia sketi ya nyanya yake kwa mkono mmoja.